Mwalimu Phelesia na Chombo Kilichotua Kichwa Chini

Ukitaka kugombana na Mwalimu Phelesia Adhiambo, mwambie jambo fulani haliwezekani. Atakuuliza nani kasema, alipima kwa kifaa gani, na alikaa pale saa ngapi kabla ya kufunga daftari lake. Hatakuachia mpaka ujute kufungua mdomo. Watu wa Rangwe wanasema hasira hizo zilimwanza Januari ya mwaka elfu mbili ishirini na nne, na wanazisema kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Ugonjwa gani? Yule mama ana haki ya kila tone la hasira alilo nalo, na anayetaka kubisha asikilize kwanza.

Anafundisha fizikia katika shule ya kutwa iliyo karibu na soko, na wakati huo alikuwa kwenye mwaka wake wa kumi na sita. Maabara yake ilikuwa na mizani mbili, moja mbovu, na ubao wa plaiwudi alioupaka rangi nyeupe kwa mkono wake. Upande wa kushoto aliandika WALIOFIKA, upande wa kulia WALIOANGUKA. Hapo ndipo yeye na wanafunzi wa klabu ya sayansi walipoandika habari za mashine zinazotumwa mwezini, sayari ya Mihiri na kwingineko bila mtu ndani. Agosti ya mwaka uliotangulia chombo cha Warusi kilijibamiza mwezini, na siku nne baadaye cha Wahindi kikatua salama karibu na ncha ya kusini. Wanafunzi walipiga makofi kwa Wahindi na kuwacheka Warusi. Phelesia aliwanyamazisha. Aliwaambia aliyeanguka haandikwi bila sababu, kwa hiyo kila jina la upande wa kulia lazima liwe na maelezo chini yake: nini kilivunjika, walijuaje, walifanya nini baada ya kujua.

Hilo ndilo lililomvutia katika kazi ile, zaidi ya picha za mawe mekundu. Watu wale walikuwa hawakati tamaa upesi. Siku shule zilipofunguliwa Januari hiyo, kampuni moja ya Marekani ilirusha chombo cha kwenda mwezini, na saa chache baadaye kikaanza kuvuja mafuta. Safari ilikuwa imekufa siku ya kwanza. Hata hivyo walikaa nacho siku kumi, wakikielekeza, wakiwasha vifaa vyake kimoja kimoja ili angalau vipime kitu, mpaka kikarudi duniani na kuteketea angani juu ya bahari ya Pasifiki. Phelesia aliandika habari ya mwanzo upande wa kulia. Ya mwisho hakuiandika, kwa sababu siku moja kabla alipigiwa simu kutoka machimbo ya Macalder, Nyatike.

Shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka. Wanne walikuwa chini, watatu wametoka. Aliyebaki ni Willis.

Willis alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao. Mama yao alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, na Phelesia, kifungua mimba, ndiye aliyemlea, akamlipia karo na kumchapa alipostahili. Alitamani awe fundi wa umeme. Kijana alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miezi sita, kisha akafuata wenzake Nyatike kuchimba. Waligombana juu ya hilo kila Krismasi. Willis alikuwa akimwambia, "Sista, wewe unasifu mashine zinachimba mawe huko Mihiri. Mimi nachimba ya hapa, unalia."

Alifika Macalder Jumatano hiyo alasiri. Vijana walikuwa wakichimbua mdomo wa shimo kwa sururu na ndoo, na kando yao jenereta ya pampu ya maji ilinguruma kiasi kwamba ulilazimika kumpigia mtu kelele sikioni. Walichimba Alhamisi kutwa. Ijumaa saa kumi na nusu alasiri, mwenye shimo, jina lake Benard, alikuja na afisa wa serikali aliyevaa jaketi la kung'aa. Afisa alisimama juu ya rundo la udongo, akatangaza kwamba ardhi si salama na kwamba uokoaji umesitishwa.

"Madam, pole sana," Benard alimwambia Phelesia. "Huko chini hakuna mtu anaweza ishi siku tatu. Haiwezekani."

"Mmejuaje amekufa?"

"Tumesikiliza. Hakuna kitu tumesikia."

"Mmesikiliza na hiyo jenereta ikiwaka?"

Benard alimtazama afisa, afisa akatazama simu yake. Dakika chache baadaye jenereta ilizimwa. Phelesia alidhani wameizima ili wasikilize. Waliifunga kamba, wakaipandisha kwenye pikipiki na kuondoka nayo, maana Benard alikuwa na shimo lingine lililojaa maji. Vijana nao walikusanya sururu zao na kutawanyika. Ilikuwa karibu saa kumi na moja.

Angalipiga kelele. Angalilala mdomoni mwa lile shimo. Leo ukimuuliza, atakuambia hivyo mwenyewe, na atakuambia pia kwamba hakufanya. Alikuwa hajalala siku mbili, na watu wanaojua udongo kuliko yeye walikuwa wamesema basi. Alipanda gari akarudi Rangwe.

Jumamosi wazee wa ukoo walikaa. Mjaluo hakai na msiba usio na kaburi. Mtu akipotelea ziwani au ardhini na mwili usipatikane, huchumwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito, likafungwa sanda na kuzikwa badala yake, ili aliyepotea apate kulala nyumbani. Baba yao mdogo, mzee Nashon, ndiye aliyeongoza kikao. Alimuuliza Phelesia kama kifungua mimba, mbele ya watu wote, kama anakubali.

"Sawa, baba," alisema.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walizika tunda. Phelesia alitupa udongo mara tatu. Kaburi liliposhindiliwa, jambo lilikuwa limekwisha: Willis alikuwa marehemu, na hapakuwa tena na ruhusa ya kumtafuta.

Alirudi shuleni Alhamisi. Katika maabara alikuta wanafunzi wameendelea na ubao bila yeye. Siku ileile ya Ijumaa, muda wa saa moja na kitu tu baada ya jenereta kuondolewa Macalder, chombo cha Wajapani kilikuwa kimetua mwezini. Kilishuka mita hamsini na kitu tu kutoka mahali palipokusudiwa, jambo ambalo halijawahi kufanywa. Lakini kilipokuwa kikishuka injini moja iliharibika, kikatua kwa pua, miguu juu, na paneli zake za jua zikatazama upande usio na jua. Wanafunzi walikuwa wamebishana wakiandike wapi. Mwishowe waliandika jina lake katikati ya ubao, juu ya mstari.

Ijumaa ikaja habari ya ile helikopta ndogo ya Mihiri. Ilipangiwa kuruka mara tano. Iliruka mara sabini na mbili. Katika mruko wa mwisho ilinyamaza, wakaitafuta mpaka wakaipata, na picha zikaonyesha bawa limevunjika. Ndipo tu wakatangaza kwamba haitaruka tena. Wahandisi waliitolea hotuba za kuaga. Phelesia alizisoma kwenye ofisi ya walimu, na Wesley, mwalimu wa hesabu, mtu mwema asiyejua wakati wa kutania, akasema, "Pole mwalimu. Naona msiba umekuandama, hata helikopta yenu imeenda."

Alimtupia dasta ya ubao. Ilimpata begani, vumbi la chaki likamjaa shati lote.

"Ile ina kilo mbili!" alifoka. "Kilo mbili, Wesley! Imenyamaza, wamesimamisha kazi zote kuitafuta. Hawakuizika mpaka wakaona bawa limevunjika. Na ndugu yangu ana kilo sabini. Nani ameona nini? Niambie, nani ameona nini?"

Wesley alijipangusa chaki shatini. Walimu wengine waliinamia vitabu vyao kama watahiniwa.

Jumatatu asubuhi, tarehe ishirini na tisa, alifungua simu akakuta habari ya Wajapani. Wale watu hawakuwa wamekizika chombo chao. Walikuwa wamekizima wenyewe, betri ikiwa imebaki na asilimia kumi na mbili, kisha wakafanya hesabu: jua la mwezini huzunguka polepole, litafika upande wa paneli baada ya siku kadhaa. Wakangoja. Siku ya tisa jua lilifika, chombo kikaamka, kichwa chini vilevile, kikaanza kupiga picha za mawe. Waliwezaje kujua kimelala vipi? Kilipokaribia kutua kilikuwa kimetema kamashine kadogo, sawa na mpira wa tenisi, na kamashine hako kakakipiga picha kutoka kando.

Phelesia aliisoma habari hiyo mara mbili. Kisha akaingia maabara, akachukua kamba, tochi, utepe wa kubandikia na mtungi mweupe wa plastiki wa lita tano, akaondoka bila kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Hakuwa na matumaini. Tusimpambie. Alikuwa na hasira tu, na hasira hizo zilikuwa na swali moja: nani ameona nini?

Alifika Macalder mchana. Kitu cha kwanza alichosikia ni kinu cha Benard kikisaga mawe. Siku kumi na mbili tu, na mawe yanasagwa. Mdomo wa shimo la Willis ulikuwa umefunikwa mabati na miiba. Aliyemkuta pale ni Ryoba, mmoja wa wale watatu waliotoka, mkono wake ukiwa ndani ya plasta. Alikuwa ametoka hospitali Migori juzi yake, na kila siku alikuja kukaa pale kwa sababu hakujua mahali pengine pa kukaa.

"Ryoba, kuna njia nyingine ya kuingia?"

"Ya kuingia sijui, mwalimu. Lakini ya hewa iko." Alielekeza kidevu kwenye shimo la zamani, hatua kama thelathini hivi, lililoota majani mdomoni. "Hiyo iliachwa kitambo. Lakini sisi tukiwa chini tulikuwa tunaskia upepo inatoka huko. Willis alikuwa anapenda kukaa hapo akipumzika."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza? Afisa alikuja wodini akachukua namba ya kitambulisho. Akaenda."

Phelesia alikata dirisha ubavuni mwa mtungi, akatia mawe kitakoni, akaisimamisha simu yake ndani ikirekodi video, akaifunga tochi juu yake kwa utepe. Alikuwa akifunga kamba Benard alipofika mbio, mavazi yakiwa meupe kwa vumbi la kinu.

"Madam, hiyo ni shimo yangu. Huwezi ingiza kitu hapo. Na kwenu mlishazika, mimi nilituma hata mchele."

"Nishtaki," Phelesia alisema, akaanza kushusha.

"Utavunja mwiko, ulete laana ya chira kwa watu bure!"

"Chira? Wewe ndiye wa kunitajia chira, Benard? Wewe?"

Wachimbaji walianza kusogea. Wawili walijiweka katikati ya Benard na kamba bila kusema neno. Mtungi ulishuka mita ishirini na kitu, ukagusa chini, kamba ikalegea. Kisha waliisikia sauti ya plastiki ikigonga jiwe. Umeanguka.

"Si hata hiyo imelala," Benard alisema. "Imeshindwa."

Phelesia aliuacha pale dakika tano nzima, ukiwa umelala, akihesabu kimoyomoyo. Kisha akauvuta juu na kuitoa simu. Ulipokuwa umesimama, kamera iliona ukuta mtupu. Baada ya kuanguka iliona chini, usawa wa goti, na hapo palikuwa na ufa mwembamba kati ya mawe mawili. Katika ufa palikuwa na mkono wa mtu, umenyooshwa kuja upande huu, kiganja na kucha vimechunika.

Ryoba aliinama juu ya simu.

"Ni Willis," alisema.

Vijana wawili walishuka kwa kamba bila kungoja afisa wala ruhusa. Iliwachukua saa tatu kupanua ufa ule. Saa tatu! Shimo zima lilikuwa linahitaji saa tatu na watu wawili wenye nia. Walimtoa kabla jua halijatua. Daktari wa mochari alisema baadaye kwamba hakuna mfupa hata mmoja uliokuwa umevunjika.

Mfukoni mwa suruali, ndani ya karatasi ya nailoni, walikuta kabambe yake, ile simu ndogo inayokaa na chaji wiki nzima. Phelesia aliichaji usiku huo na kuifungua. Alichokisoma hakumwambia mtu yeyote, hata mzee Nashon.

Mzee alikuja kwake Jumatano, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka kwa wiki moja. Kikao kilikuwa kimependekeza Willis azikwe haraka na kimyakimya, kaburini mwa tunda, bila hema wala wageni. "Nyathina, mwanangu," alimwambia, "huyu mtu tulishamlilia. Kumlilia mara ya pili ni kuita mabaya."

"Baba, tulililia tunda," Phelesia alijibu. "Na mimi nilikubali, kwa hiyo sikulaumu wewe peke yako. Lakini Willis hajaliliwa. Atazikwa Jumamosi, mchana, watu wakiwepo, na kaburi lake mwenyewe. Ukikataa, nitachimba mwenyewe."

Mzee alizungusha kofia yake. Kisha akasema atatuma watu waje kuchimba.

Jumamosi watu walijaa. Wachimbaji walitoka Nyatike, Ryoba na wenzake wakatoka upande wa Kuria, shule nzima ikaja na sare. Na Benard alikuja. Alikuja na suti, akakaa mbele na yule afisa, na mtu fulani mwenye adabu nyingi kuliko akili alikuwa ameliweka jina lake kwenye ratiba ya wasemaji, baada tu ya familia. Phelesia aliiona ratiba asubuhi. Aliambiwa jina linaweza kufutwa. Akasema liachwe.

Ilipofika zamu ya familia alisimama na ile kabambe mkononi. Alisema Willis alimwandikia ujumbe akiwa chini, ambao haukwenda kwa sababu huko hakuna mtandao, lakini simu ilikuwa imeuhifadhi pamoja na siku na saa. Alisema atausoma kama ulivyo, kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili ili wageni wote waelewe. Sauti yake haikutetemeka. Wanafunzi wake waliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyoitumia kusoma vipimo.

"Ijumaa, saa kumi na moja na dakika tano jioni. *Sista, mashine wameizima. Asante Mungu. Sasa watanisikia nikigonga.*"

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia. Phelesia hakungoja.

"Jumamosi, saa nne asubuhi. *Nimegonga usiku kucha. Sijaumia. Hewa iko, inatoka shimo la zamani. Ryoba anajua.*

"Jumapili, saa sita mchana. *Leo ni Jumapili, najua wako kanisani. Wakitoka watakuja.*"

Hapo watu wa nyumbani walianza kupiga nduru, maana kila mmoja alijua Jumapili hiyo, walipotoka kanisani, walikwenda wapi na walifanya nini. Mzee Nashon alikuwa ameufunika uso wake kwa mikono yote miwili. Phelesia alingoja mpaka kelele zikapungua. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Jumanne, saa kumi na moja alfajiri. Ndio wa mwisho. *Sista, nimefikisha mkono upande wa pili.*"

Aliifunga simu, akaitia mfukoni. Kisha akaichukua ratiba, akaitazama kana kwamba amesahau nani anafuata, akatembea mpaka mstari wa mbele na kusimama mbele ya Benard. Alimnyooshea maikrofoni.

"Ni zamu yako," alisema. "Watu wanakusikiliza."

Maikrofoni ilikaa hewani kati yao. Benard aliitazama, na hakuna mtu aliyemwona akiinua mkono kuipokea.